Kina cha Sindano na Umbali wa Hospitali

Wanawake wengi waliopoteza maisha kwa upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta ya mwili hawakufa kwa usaha wala kwa kidonda kilichokataa kupona. Walikufa siku ileile, baadhi yao wakiwa bado juu ya meza ya upasuaji, kwa sababu mafuta yaliingia kwenye mshipa wa damu yakafika moyoni na mapafuni. Kifo cha namna hiyo huchukua dakika chache, na chanzo chake ni sentimita moja au mbili: ncha ya mrija ilikwenda chini kuliko ilivyopaswa. Mgonjwa hana njia ya kuiona sentimita hiyo. Amelala kifudifudi, amepigwa nusu kaputi.

Hatari ya pili inaonekana kwenye ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Mafinga ni zaidi ya kilomita 550 za barabara kuu ya kwenda Zambia: Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga, Iringa, kisha kilomita 80 nyingine hadi kwenye mji huo wa mbao, wilayani Mufindi. Basi linamaliza kutwa. Mwanamke wa Mufindi akipasuliwa Dar es Salaam, au Nairobi, au Uturuki, sehemu kubwa ya siku zake za hatari ataziishi nyumbani, mbali na mkono uliomdunga. Nashikilia mambo haya mawili, kina na umbali, kwa sababu naamini karibu kila kinachoamua nani atapona na nani hatapona kinarudi huko.

Tuanze na upasuaji wenyewe. Daktari huingiza mrija mwembamba wa chuma chini ya ngozi ya tumbo, kiuno, mgongo au mapaja, akanyonya mafuta kwa mashine. Mafuta hayo huchujwa damu na maji, kisha hudungwa makalioni. Ndiyo maana matangazo yanasisitiza “mafuta yako mwenyewe”, na anayesikia anapata moyo. Kwa upande mmoja hoja hiyo ni kweli: mwili haukatai mafuta yake kama unavyoweza kupambana na silikoni. Lakini mafuta yaliyong'olewa mahali pake yamepoteza damu iliyokuwa ikiyalisha. Yataishi kama mishipa midogo ya mahali papya itayafikia mapema. Yasipofikiwa yanakufa. Kati ya sehemu moja ya tano na nusu ya kilichodungwa hufyonzwa na mwili katika miezi inayofuata, na mengine hugeuka mabonge magumu au vifuko vya mafuta yaliyoyeyuka. Hapo ndipo kinapozaliwa kishawishi cha kudunga mengi kupita kiasi, ili yatakayosalia yatoshe kumridhisha mteja.

Kishawishi hicho ndicho kilichowapeleka madaktari kwenye msuli. Upasuaji wa kuinua na kuunda upya makalio ulipata umaarufu Brazili kuanzia miaka ya 1960 kupitia kazi ya Ivo Pitanguy, daktari wa Rio de Janeiro. Kuhamisha mafuta kulikuja baadaye, kukarithi jina la nchi hiyo, na leo watu wanakuita kwa herufi tatu tu, BBL (Brazilian butt lift). Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba msuli, kwa kuwa una damu nyingi, ni mahali bora pa kuweka mafuta yapate kuishi. Fundisho hilo halikutokana na uzembe. Lilikuwa na mantiki yake, likaaminiwa na wataalamu waliosoma, na likaua watu.

Kwa nini? Chini ya ngozi ya makalio kuna tabaka la mafuta, na chini ya tabaka hilo upo msuli mkubwa wa makalio. Nyuma na chini ya msuli huo zinapita vena nene zenye kuta nyembamba, zinazorudisha damu nyongani na kisha kwenye vena kuu inayopanda moja kwa moja hadi moyoni. Mrija wa chuma ukichana ukuta wa vena hizo, mafuta yanayosukumwa kwa nguvu pembeni yake hunyonywa na mkondo wa damu. Hata pale ambapo ncha ya mrija haikugusa vena, mafuta yaliyojazwa ndani ya msuli yanaweza kupenya kati ya nyuzi zake, yakashuka kuelekea kwenye mishipa hiyo. Yakifika upande wa kulia wa moyo husukumwa mapafuni, na huko huziba njia kama magogo yanavyoziba kalvati baada ya mvua kubwa. Damu haipiti, moyo unazidiwa, hewa ya oksijeni inashuka ghafla kwenye kipimo, shinikizo la damu linaporomoka. Hakuna dawa ya kuyayeyusha mafuta hayo. Timu iliyokamilika, yenye daktari wa usingizi na vifaa vya wagonjwa mahututi, inaweza kumwokoa mmoja, na bado ikampoteza mwingine.

Ukubwa wa tatizo ulianza kuonekana taratibu. Mwaka 2015 madaktari wa Meksiko na Kolombia walichapisha uchunguzi wa vifo 22, vya Meksiko 13 katika miaka 10 na vya Kolombia 9 katika miaka 15. Mwaka 2017 kikosi kazi cha wapasuaji wa urembo kikatoa matokeo ya dodoso lililojibiwa na wapasuaji 692, ambao kwa jumla walikuwa wamefanya upasuaji huu karibu mara 199,000. Walitaja vifo 32 vilivyotokana na mafuta kuziba mapafu, na wagonjwa wengine zaidi ya 100 waliopatwa na janga hilohilo wakanusurika. Makadirio yaliyotangazwa ni kifo kimoja katika kila upasuaji 3,000 hivi, kiwango kilichozidi kile cha upasuaji mwingine wa urembo.

Namba hiyo ya 3,000 inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ilitoka kwa madaktari waliokubali kujibu, na aliyepoteza mgonjwa ana sababu ya kutojibu. Pia ilitoka kwa watu wenye chama, wenye vyeti, wenye vyumba vya upasuaji vinavyokaguliwa. Anayedunga gesti hakujaza dodoso lolote.

Lililo zito kuliko namba ni kilichokutwa kwenye maiti. Katika uchunguzi wa miili, mafuta yalikutwa ndani ya msuli au chini yake, na vena za makalio zikiwa zimejeruhiwa. Kikosi kazi hakikupata hata kifo kimoja ambacho mafuta yalikuwa kwenye tabaka la chini ya ngozi peke yake. Kwa maneno mengine, vifo hivi vina mpaka, na mpaka huo ni utando mwembamba unaotenganisha mafuta ya asili na msuli. Mwaka 2018 vyama vya wapasuaji wa plastiki vikatoa onyo la pamoja: usidunge ndani ya msuli kamwe, tumia mrija mnene usiopinda kirahisi, usielekeze ncha chini. Dodoso jingine lililochapishwa mwaka 2020 likaonyesha makadirio yameshuka hadi kifo kimoja katika kila upasuaji 14,921.

Mtu angeweza kuishia hapo akasema tatizo limekwisha. Halikwisha. Florida Kusini, ambako kliniki za upasuaji huu zimejipanga mtaa kwa mtaa, vilihesabiwa vifo 25 kati ya mwaka 2010 na 2022, na viliendelea hata baada ya onyo la 2018 na hata baada ya Bodi ya Madaktari ya Florida kupiga marufuku kudunga ndani ya msuli mwaka 2019. Wengi wa waliokufa walipasuliwa kwenye kliniki za bei nafuu zenye wagonjwa wengi kwa siku. Je, madaktari wale walikaidi? Baadhi huenda. Lakini wapo walioamini kabisa kwamba mrija uko juu ya msuli kumbe umeshazama. Mkono peke yake haujui. Ngozi inainuka na kushuka, mgonjwa mmoja ana tabaka nene na mwingine jembamba, na mpasuaji aliyefika kwa mgonjwa wa tano jioni hana tena mkono wa asubuhi. Ndiyo sababu Juni 2022 bodi hiyo ikalazimisha mambo mawili: mpasuaji asifanye upasuaji huu zaidi ya mara tatu kwa siku, na atumie ultrasaundi kuona ncha ya mrija ilipo wakati anadunga. Mwaka 2023 masharti ya ultrasaundi na ya daktari kumchunguza mgonjwa ana kwa ana kabla ya siku ya upasuaji yakaingizwa kwenye sheria.

Waingereza walikwenda mbali zaidi mwanzoni. Chama cha wapasuaji wa urembo cha huko kiliwaambia wanachama wake mwaka 2018 waache kabisa upasuaji huu, baada ya wanawake wa Uingereza kufa wakiufuata nje ya nchi. Mwaka 2022 kikalegeza: ufanyike, lakini juu ya msuli tu, na kwa ultrasaundi. Wakati huohuo watu wasio madaktari wakajaza nafasi iliyoachwa kwa kudunga majimaji ya kujazia ngozi, na Septemba 2024 mama mmoja wa Gloucestershire akafariki baada ya kudungwa hivyo. Naona somo kubwa hapo kwa nchi zetu. Marufuku inayowagusa wataalamu pekee huwaachia uwanja wasio wataalamu, kwa sababu kiu ya mteja haiondoki na tamko.

Nije kwetu. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta katika kliniki ya Body By Design, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, likaifunga kliniki hiyo. Habari ilitikisa mitandao kwa majuma kadhaa. Haikuwa mara ya kwanza: mwaka 2018 pia jiji hilo lilimpoteza mwanamke aliyefariki baada ya upasuaji wa urembo. Mara zote mbili hatua kali zilikuja baada ya kilio cha ndugu na kelele za wananchi. Nasisitiza hili kwa sababu Nairobi ina baraza lenye nguvu, ina waandishi wanaofuatilia, ina mawakili. Kama kule msiba ndio unaoanzisha ukaguzi, tusidhani sisi tutafanya vizuri zaidi kwa bahati.

Tanzania imeingia kwenye jambo hili kwa mlango wa hospitali ya umma. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, chini ya Profesa Mohamed Janabi, ilitangaza huduma za upasuaji rekebishi na wa urembo: kupunguza au kuongeza matiti, kuondoa nyama uzembe, na kuongeza makalio. Waliolalamika walisema nchi yenye akina mama wanaofia leba haina sababu ya kuumba makalio. Nawaelewa, ila siko nao. Mpasuaji rekebishi yuleyule ndiye anayeshona mdomo sungura wa mtoto na kufungua kiwiko cha aliyeungua moto, na mkono wake unanolewa na kila kazi. Tena hospitali yenye daktari wa usingizi, benki ya damu na chumba cha wagonjwa mahututi ndiyo mahali pekee ambapo upasuaji huu unastahili kufanyika. Ninachokidai kwa Mloganzila, na kwa kila hospitali binafsi inayofuata nyayo zake, ni uwazi: watangaze kwamba wanadunga juu ya msuli tu, kwamba ultrasaundi inatumika kwa kila mgonjwa, na kila mwaka waseme wamepasua wangapi na wangapi wamepata madhara. Hospitali ya umma ikianza, za binafsi zitaona aibu kunyamaza.

Sasa turudi barabarani, maana huku ndiko watu wa nyanda za juu wanakosahaulika.

Mgonjwa aliyepandikizwa mafuta huambiwa asikalie makalio yake kwa majuma mawili au zaidi, kwa sababu uzito wa mwili unabana mishipa midogo inayotakiwa kuyalisha mafuta mapya. Huvaa vazi la kubana kiuno na tumbo. Huambiwa atembee kidogo kila baada ya muda, kwa kuwa mtu aliyetoka kwenye upasuaji mrefu damu yake huganda kirahisi miguuni, na bonge likikatika linaweza kwenda mapafuni likaua kama mafuta yanavyoua, safari hii baada ya siku au majuma. Sasa mpandishe mgonjwa huyo basi la alfajiri kutoka Dar es Salaam. Atakaa kutwa nzima, magoti yamebanwa na kiti cha mbele, anaogopa kunywa maji asije akasumbua kwa haja ndogo, Kitonga anapanda akiwa ameshika bomba kwa mikono miwili. Ungeambiwa uandike orodha ya mambo yanayogandisha damu miguuni, ungeiandika safari hiyo.

Kuna madhara mengine yanayochelewa, na hayo ndiyo yatakayobisha hodi Hospitali ya Mji Mafinga. Mrija unaonyonya mafuta ya tumbo unaweza kutoboa utumbo bila mpasuaji kujua. Maumivu, homa na tumbo gumu huja baada ya siku moja au mbili, na mgonjwa huambiwa na shoga zake kwamba maumivu ni ya kawaida, avumilie, urembo ni gharama. Kupoteza damu na maji mengi kunamlegeza mtu ambaye tayari ana upungufu wa damu. Dawa ya ganzi inayochanganywa na maji na kumwagwa chini ya ngozi, ikizidi kipimo, inavuruga moyo. Halafu vipo vidudu vya taratibu. Wanawake wa Marekani waliorudi kutoka Jamhuri ya Dominika baada ya upasuaji wa urembo walipatwa na maambukizi ya bakteria wa ukoo wa wale wa kifua kikuu, wanaoishi kwenye maji na vifaa visivyotakaswa sawasawa. Uvimbe huanza majuma kadhaa baadaye, unatoa usaha, na hausikii antibayotiki za kawaida. Mganga wa wilaya ambaye hakuambiwa historia yote atafungua jipu, atampa sindano za siku tano, na jipu litarudi.

Jamhuri ya Dominika inafaa kutazamwa kwa sababu inaonyesha umbali unavyoua. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilihesabu raia 93 wa Marekani waliokufa huko baada ya upasuaji wa urembo kati ya mwaka 2009 na 2022. Katika vifo vya karibuni vilivyochunguzwa kwa undani, mafuta au damu iliyoganda kuziba mapafu ndiyo iliyoongoza. Waliokwenda walivutwa na bei, wakafanyiwa upasuaji mara mbili tatu kwa mkupuo mmoja ili safari ilipe, na wakapanda ndege mapema. Badilisha ndege na basi, na Santo Domingo na Dar es Salaam, hesabu inabaki ileile: anayesafiri mbali hutaka kumaliza yote kwa safari moja, na kila saa inayoongezwa mezani inaongeza hatari.

Na gharama za kuokoa maisha zitalipwa na nani? Bima ya NHIF hailipii upasuaji wa urembo. Familia iliyochanga kwa ajili ya makalio itachanga tena kwa rufaa ya Iringa, au ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kilomita 250 hivi upande wa pili.

Hata hivyo lazima niseme wazi kwamba kwa wanawake wengi wa Mafinga upasuaji huu ni ndoto ya mbali. Mchuma chai wa Mufindi, mama lishe anayewapikia wapakiaji wa mbao za Sao Hill, binti wa saluni, hawana fedha za Mloganzila. Wanachofikia ni kile kinachouzwa kwenye chupa. Tangu zama za dawa zilizoitwa za Kichina miaka ya 2000 hadi vidonge na krimu za leo zinazotumwa kwa basi baada ya malipo ya simu, soko hili limekuwa likibadili jina na kubaki na ahadi ileile. Wauzaji wake mara nyingi ndio wauzaji wa mkorogo, na serikali imepigana na mkorogo kwa miongo bila kuumaliza.

Krimu ya kupaka haiwezi kuotesha makalio. Ngozi hairuhusu, na hakuna njia ambayo mafuta ya kupaka yangejua kuongeza hapa yakaacha pale. Vidonge na sharubati ni habari nyingine, kwa sababu vingine vinafanya kazi, na vinafanya kazi kwa njia mbaya. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Imo kwenye Apetamin, sharubati ya India ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeionya hadharani, na watafiti wa Kinshasa wameandika jinsi wanawake wa jiji hilo wanavyoitumia bila daktari ili wanenepe. Deksamethasoni ni steroidi, nayo hutumiwa hivyohivyo. Inajaza uso na tumbo, inapandisha sukari na shinikizo la damu, inadhoofisha mifupa, na inalaza tezi za mwili zinazotengeneza homoni ya namna hiyo. Aliyeimeza miezi mingi akaiacha ghafla anaweza kuanguka kwa shinikizo la chini mno, na wa nyumbani wakatafuta mganga wa kienyeji wakidhani amerogwa. Makalio yakiongezeka kwa dawa hizi, ni kwa sababu mwili mzima umeongezeka.

Mbaya kuliko zote ni sindano za mafichoni. Silikoni ya maji ikidungwa makalioni inaweza kuingia kwenye vena zilezile na kwenda mapafuni kama mafuta. Mwaka 2011 mwanafunzi wa miaka 20 kutoka Uingereza alikufa kwa njia hiyo baada ya kudungwa kwenye hoteli ya Philadelphia. Aliyenusurika hubaki na kitu ambacho hakuna mpasuaji awezaye kukitoa chote, maana kimesambaa kati ya nyama. Mwaka 2017 FDA ilitoa onyo rasmi dhidi ya silikoni ya kudunga kwa ajili ya kuumba mwili. Hapa kwetu mtu akikwambia atakuja kukudunga nyumbani, jina la kilichomo kwenye bomba lake halina maana tena. Mwache aende.

Udhibiti wetu una ufa ambao wanunuzi hawaujui. Hadi mwaka 2019 dawa, chakula na vipodozi vilikuwa chini ya mamlaka moja, TFDA. Mwaka huo ikageuka TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba, vipodozi vikahamia Shirika la Viwango, TBS. Bidhaa inayopakwa lakini inadai kubadili mwili, inayouzwa pamoja na vidonge kwenye kifurushi kimoja, inasimama katikati ya ofisi mbili. Mwenye duka la dawa muhimu anasimamiwa na Baraza la Famasi, daktari na Baraza la Madaktari Tanganyika, na muuzaji wa Instagram, kusema kweli, na wafuasi wake. Sidai iundwe mamlaka mpya. Nadai TMDA na TBS wakague pamoja, na wakamate vifurushi pale vinapopitia, yaani kwenye ofisi za mizigo za mabasi.

Wapo watakaosema dawa ya yote haya ni wanawake kuridhika na maumbile yao. Kauli hiyo ni rahisi mdomoni mwa mwanamume anayegeuka kutazama. Binti wa Mafinga anasikia tangu shule kwamba hana shepu. Anasikia kwa mawifi, kwenye kitchen party, kwenye maneno ya vijana wa bodaboda. Anayemwambia aridhike angeanza kwa kunyamazisha maneno hayo. Na anayetafuta habari za kweli mitandaoni hukuta mchezo. Oktoba 2022 Vera Sidika, mtu maarufu wa mitandaoni wa Kenya, alitangaza kwamba amefanyiwa upasuaji wa kuondoa makalio ya bandia kwa sababu za kiafya, akawaonya wasichana, na baadaye akasema ilikuwa mbinu ya kutangaza wimbo. Waliokuwa wameanza kusikiliza onyo wakacheka na kuondoka, na onyo lenyewe lilikuwa la kweli. Na chupi ya sponji ya kukuza makalio, ambayo mvaaji wake huchekwa, haijamuua mtu.

Kwa aliyeamua kwenda, maswali ya kumuuliza daktari ni machache na hayahitaji usomi. Utadunga juu ya msuli au ndani yake? Utatumia ultrasaundi wakati unadunga, au kabla tu? Leo una wagonjwa wangapi, na mimi ni wa ngapi? Nani atanilaza usingizi, na yeye kazi yake ni hiyo tu? Oksijeni yangu ikishuka, nitapelekwa chumba gani, kiko umbali gani? Daktari anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kuyajibu. Upande wa mgonjwa upo wajibu pia: aseme ukweli kuhusu vidonge alivyokuwa akimeza, uzazi wa mpango anaotumia, selimundu kwenye ukoo, damu iliyowahi kuganda. Akae karibu na hospitali hiyo hadi hatari ya siku za mwanzo ipite, hata kama ni kwa binamu Mbagala, na arudi kwa safari ya vituo badala ya kutwa moja.

Kisha asitoke mikono mitupu. Hospitali imwandikie karatasi, kwa lugha ambayo tabibu wa zamu ataielewa: tarehe ya upasuaji, mafuta yametolewa wapi na kiasi gani, yamedungwa tabaka gani na kiasi gani kila upande, dawa za usingizi na ganzi zilizotumika, dawa za kuzuia damu kuganda alizopewa na mwisho wake lini. Karatasi hiyo ndiyo itakayomwezesha daktari wa Mafinga, saa nane usiku, kutofautisha malaria na bonge la damu kwa mwanamke anayehema, na kuamua kama gari la wagonjwa liondoke sasa hivi. Chini yake iandikwe namba ya simu ya mpasuaji mwenyewe, inayopokelewa.